Mji Wetu wa Maseno na Waliouongoza, 1906 Hadi Leo

Kamati ya jubilii iliponiomba kurasa chache za historia kwa ajili ya kijitabu hiki, nilidhani wanataka historia ya kwaya. Mwenyekiti akasema hapana, hiyo vijana wameiandika kwenye kurasa za picha. Wewe mzee tuandikie habari za mji, akasema, maana watoto wetu wanaimba hapa kila Jumapili na hawajui ni nani anayepaswa kuchimba mtaro wa barabara yao. Nilicheka. Nimekuwa karani wa serikali karibu maisha yangu yote, nimepiga mihuri mingi kuliko nyimbo nilizoimba, na hata mimi sina jibu fupi la swali hilo. Nitajaribu lile refu.

Anayefika Maseno kutoka Kisumu hupita Kisian, akaanza kupanda taratibu, ziwa likabaki nyuma yake chini, na muda si muda akaoneshwa mahali mstari wa ikweta unapokata barabara. Wageni hushuka wapige picha, mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini. Sisi wenyeji hatupigi picha hiyo. Kuishi juu ya mistari tumekuzoea. Ikweta ndiyo mstari pekee ambao haujawahi kutuletea taabu, kwa sababu ndio pekee usioweza kusogezwa na binadamu.

Hata jina la mji lina pande mbili. Wazee husimulia kwamba wamisionari wa kwanza walijenga karibu na mti ambao Wajaluo waliuita oseno na Wanyore oluseno. Mti ulikuwa mmoja. Kwaya yetu nayo ni hivyo hivyo: wapo wa Seme, wapo wa Gem, wapo wa Bunyore, na siku hizi wapo walioletwa na chuo kikuu kutoka mbali. Tangu mwanzo mazoezi yetu yamefanywa kwa Kiswahili, si kwa sababu mwalimu wa kwanza wa kwaya alikipenda sana, bali kwa sababu besi na soprano hawakusikilizana kwa lugha nyingine yoyote bila mmoja kujiona mgeni. Ndiyo sababu hata kijitabu hiki kimeandikwa kwa Kiswahili.

Tuanze na serikali. Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 nchi hii yetu haikuwa Kenya hata kwa jina la zamani. Kisumu na sehemu zote za huku zilikuwa chini ya Uganda. Siku hiyo mpaka ukahamishwa, tukajikuta katika Himaya ya Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Mombasa, na hakuna aliyehama nyumba. Kanisa lilichelewa kufuata. Mchungaji John Jamieson Willis alipofungua misheni ya CMS hapa mwaka 1906, alikuwa chini ya Dayosisi ya Uganda, na yeye mwenyewe mwaka 1912 akawa askofu huko. Wakristo wa Maseno waliendelea kuhesabiwa na Kampala hadi mwaka 1921, walipowekwa chini ya Mombasa. Kwa hiyo kwa karibu miaka 20 babu zetu walilipa kodi upande mmoja na kubatizwa upande mwingine.

Shule ya Maseno ilianza mwaka ule ule wa 1906, na wanafunzi wake hawakukawia kuonyesha tabia. Mwaka 1908 waligoma. Walichoka kupewa jembe wakati walikuja kutafuta kalamu. Nawataja kwa sababu vijana wa aina hiyo, walipokomaa na kuwa walimu, ndio waliotufundisha kwamba serikali inaweza kuulizwa swali.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mambo yalikuwa magumu. Kodi ilikuwa imepandishwa, kipande kilikuwa kimeletwa, watu walikuwa wakikusanywa kwenye kambi za kazi, na mwaka 1920 Himaya ikageuzwa kuwa Koloni bila mtu kuulizwa. Tarehe 23 Desemba 1921 watu wakakutana Lundha, katika Gem, wakaunda chama ambacho wengi walikiita kwa Dholuo Piny Owacho, yaani nchi imesema. Katika viongozi wake walikuwamo walimu waliopitia mikono ya misheni: Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor Gumba, Simeon Nyende na wenzao. Walidai kipande kiondolewe, kambi za kazi zifungwe, kodi ishushwe, serikali ijenge shule yake, na watu wahakikishiwe ardhi yao. Julai 1922 Gavana, Sir Edward Northey, alikuja mwenyewe kuwasikiliza pale Nyahera, ambapo matatu zetu hupita kila siku bila dereva kupunguza mwendo. Kodi ilishuka kutoka shilingi 16 hadi 12, na kambi za kazi zikafungwa. Koloni ilibaki Koloni, na kipande kikabaki shingoni.

Hapo ndipo anapoingia Archdeacon Walter Edwin Owen, aliyetoka Uganda na kuanza kazi katika Kavirondo mwaka 1918. Huyu ni mtu ambaye wazee wangu walimsimulia kwa namna mbili tofauti, na nadhani zote mbili ni kweli. Mwaka 1923 chama cha vijana kiligeuzwa kikawa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, Owen akiwa rais wake. Wapo wasemao kwamba alikipoza chama: mahali pa kudai nchi, wanachama wakawekwa kuahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wapo wasemao kwamba alikiokoa kisipigwe marufuku. Mimi naegemea upande wa pili, lakini si kwa asilimia mia. Mtu aliyeandikia magazeti ya Uingereza kulalamika kwamba wanawake na wasichana wa hapa walilazimishwa kufanya kazi ya barabara hakuwa mtu wa panya tu. Na choo, tusidharau. Katika nchi ya kipindupindu na kuhara, choo ni siasa.

Jambo moja la chama kile lanigusa zaidi kuliko mengine. Kilikuwa cha Wajaluo na Waluhya pamoja. Mpaka wa wilaya ya Kavirondo ya Kati, iliyotawaliwa kutoka Kisumu, na Kavirondo ya Kaskazini, iliyotawaliwa kutoka Kakamega tangu 1920, ulipita karibu sana na misheni yetu. Lakini mtu wa Bunyore na mtu wa Seme waliketi kwenye benchi moja wakaandika barua moja. Haikudumu. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, watu wa kaskazini walikuwa na hofu yao ya ardhi, na kila upande ukaenda na vyama vyake.

Serikali nayo ilikuwa imewapa watu mahali pa kuzungumzia. Kuanzia mwaka 1925 palikuwa na Mabaraza ya Wenyeji ya kila wilaya. Mwenyekiti alikuwa DC, Mzungu, na wajumbe wengine walichaguliwa, wengine waliteuliwa. Hayakuwa na meno mengi. Yalikuwa, hata hivyo, na kitu kimoja ambacho baadaye tulikikosa: yaliweza kujitoza kodi yao ndogo juu ya ile ya serikali, na kuamua ijenge shule au zahanati gani. Watu waligombana sana kuhusu pesa hizo, jambo ambalo nalichukulia kuwa afya. Mwaka 1950 mabaraza hayo yaligeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na uhuru ulipokuja mwaka 1963 yakawa mabaraza ya kaunti yenye madiwani. Wakati huohuo Maseno ilikuwa na chuo cha serikali cha kufundisha watumishi wake. Mji mdogo kama huu uliwahi kufundisha serikali, na bado maji ya mvua yanatushinda.

Sasa tufike kwenye mstari unaotusumbua hadi leo. Hadi uhuru, Bunyore na Seme zote zilikuwa katika mkoa mmoja wa Nyanza, makao makuu Kisumu. Mwaka 1962 tume ya mipaka ya mikoa, ikiongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton, ilizunguka nchi kusikiliza watu. Waluhya walitaka mkoa wao, na walikuwa na haki ya kuutaka. Mkoa wa Magharibi ukazaliwa, Bunyore ikaenda huko, Maseno ikabaki Nyanza. Mpaka uliokuwa wa wilaya tu, ambao mtu angeuvuka akienda kusaga mahindi, ukawa mpaka wa mikoa.

Kanisa nalo, niseme kweli maana hii ni nyumba yetu, halikufanya tofauti. Mwaka 1961 iliundwa Dayosisi ya Maseno, yenye jina la mji wetu, na askofu wake akawa Festo Olang', mzaliwa wa Bunyore, aliyewahi kuwa mwanafunzi na mwalimu hapa Maseno. Kabla ya hapo, mwaka 1957, watu wa Johera walikuwa wamekwisha kujitenga na kuanza kanisa lao, na wazee waliokuwepo walilizungumzia jambo lile kwa sauti ya chini hadi walipozikwa. Mwaka 1970 Olang' akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kenya, na dayosisi ikagawanywa: Maseno Kusini, makao Kisumu, na Maseno Kaskazini, makao Kakamega. Wageni huuliza kwa nini dayosisi hizi mbili zinaitwa kwa jina la mji ambao hakuna hata moja yenye makao yake makuu. Jibu ni hilo.

Mwaka huohuo wa 1970 mabaraza ya kaunti yalivuliwa nguo. Sheria iliyopitishwa mwaka 1969 ilichukua shule za msingi, afya na barabara kutoka kwao, ikazipeleka Nairobi. Kodi ya kila mtu iliyokuwa nguzo ya mapato yao ikaenda pia. Diwani akabaki na ushuru wa soko, leseni za vioski, na machinjio. Nimewajua madiwani wazuri wa miaka ile. Walikuwa kama mwalimu wa kwaya aliyenyang'anywa kinanda, vitabu na waimbaji, akaachiwa kijiti cha kuongozea.

Kwaya yetu ilizaliwa katika miaka hiyo ya ukame wa serikali, na ndiyo maana daftari zake za mikutano zinashangaza. Nilizipitia zote kwa ajili ya kazi hii, pamoja na zile zilizoliwa na mchwa pembeni. Nilitegemea kukuta habari za sare na za nani alichelewa mazoezi. Zimo, tena nyingi. Lakini kati ya ajenda ya sare na ajenda ya mashindano, kuna ajenda ya choo cha soko, ya mchango wa madawati, ya barua kwa chifu kuhusu ng'ombe wanaozurura, ya taa mbele ya zahanati. Enzi hiyo ya harambee, kamati ya kwaya ilikuwa baraza dogo la mji bila kujijua. Ilikuwa na mwenyekiti aliyechaguliwa, mweka hazina aliyesoma hesabu mbele ya watu wote, na ukweli kwamba asiyeridhika angeweza kusimama na kusema hivyo, kisha akaimba.

Niwasimulie habari moja tu kutoka daftari hizo, ambayo naikumbuka pia kwa mgongo wangu. Wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 na mwanzo wa 1998, kalvati la njia iendayo nyuma ya soko lilizibuka na kubomoka. Tuliandika barua kwa ofisi moja. Wakatujibu kwa adabu kwamba sehemu ile iko upande wa pili. Tukaandika kwa ofisi ya upande wa pili. Wakatujibu kwa adabu zaidi kwamba sehemu ile iko upande wa kwanza. Barua zote mbili zimebandikwa kwenye daftari, moja inatazama nyingine. Nilizipiga taipu kwa mkono wangu, na najua kila karani aliyejibu aliamini kuwa anasema kweli kwa mujibu wa ramani iliyokuwa ukutani kwake.

Usiku mmoja katikati ya barua hizo, mwenzetu wa sauti ya pili alipatwa na uchungu wa uzazi. Gari la jirani lilifika kwenye kalvati likasimama, maji yakiwa yamefika magurudumuni. Wanaume wa tena na besi waliitwa, wakamweka juu ya mkokoteni wa kuchotea maji, wakamvusha hatua kwa hatua huku mmoja akitangulia na fimbo kupima kina. Hospitali ya misheni ikampokea alfajiri. Mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye atakayewapigia kinanda kwenye sherehe hii, na naomba mumpigie makofi bila kumweleza kwa nini, kwani ameisikia hadithi hii mara nyingi hata ameichoka. Jumamosi iliyofuata kwaya nzima ilichimba mtaro. Hatukuuliza tena kipande kipi ni cha nani. Mabomba ya saruji tulinunua kwa sadaka maalum, na wenye duka wawili, mmoja Mjaluo na mmoja Mnyore, wakatoa simenti.

Mambo yalianza kubadilika polepole. Sheria ya mwaka 1998 ilirudishia mabaraza sehemu ndogo ya kodi ya mapato, asilimia 5, na mwaka 2003 ikaja hazina ya maendeleo ya maeneo bunge. Chuo Kikuu cha Maseno, kilichoanza mwaka 1990 kwa kuunganisha chuo cha serikali na chuo cha walimu cha Siriba, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001. Wanafunzi walileta vyumba vya kupanga, vibanda vya chapati, bodaboda na kelele. Mji ukaanza kuwa na pesa. Nami niliwaambia wenzangu wa ofisini: sasa ndipo mtaona mpaka ukitafutwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilitupa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Kwa wasiofuatilia, nieleze kwa ufupi. Soko, zahanati, shule za chekechea na barabara ndogo ni za kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na chifu ni za serikali kuu. Lakini kaunti zilifuata mistari ya wilaya zilizokuwapo, na mistari hiyo ilifuata ile ya 1963. Maseno ikawa Kisumu. Luanda, ambayo ukisimama mlimani unaiona, ikawa Vihiga. Viongozi wa Vihiga wamesema na wanaendelea kusema kwamba Maseno ni yao kwa asili. Viongozi wa Kisumu wanajibu kwamba mpaka unajulikana. Katika maneno yote hayo, kinachogombewa sana ni ushuru wa soko.

Mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye huuza omena, alitozwa ushuru mara mbili siku moja, na watu wawili wenye vitabu vya risiti tofauti. Sitasema nani alitoka wapi. Alilipa wote wawili kwa sababu samaki zake zilikuwa juani na ugomvi ungezichelewesha. Jioni alikuja mazoezini na risiti zote mbili, akaziweka mezani kwa mweka hazina na kuuliza, kwa utani ambao haukuwa utani, ni ipi kati ya hizo itamletea choo cha soko. Hakuna aliyejua. Risiti zimo daftarini, zimebandikwa pembeni mwa barua za El Niño.

Kijana yeyote akiulizwa barabarani Maseno ni ya nani, naomba ajue sheria inavyosema kabla hajafungua kinywa. Kifungu cha 188 cha Katiba kinasema mpaka wa kaunti haubadilishwi na hotuba, wala na mtu anayekuja usiku kusimika kibao. Unataka tume huru iliyoundwa na Bunge, kisha thuluthi mbili ya wabunge wote, na thuluthi mbili ya kaunti katika Seneti. Tume hiyo inapaswa kusikiliza watu. Ikija, sisi wa hapa tutakuwa na la kusema, na najua hatutasema kitu kimoja. Katika kwaya hii wapo wanaotaka mpaka usogee, na wapo wanaotaka ubaki. Mimi maoni yangu ni kwamba usiguswe, kwa sababu nimeona kila ulipoguswa waliofaidika walikuwa mbali na waliopata hasara walikuwa sokoni. Mwalimu wetu wa kwaya anafikiri kinyume, na ana hoja: anasema watu wa Bunyore walikatiwa mji waliousaidia kuujenga. Tumebishana miaka mingi, kwa kawaida tukisubiri alto wafike.

Ninachokiogopa ni mtu kuanza kuhesabu kwaya kwa vijiji. Mwaka fulani wa uchaguzi ilijaribiwa. Aliyejaribu alitaka tuimbe kwenye mkutano wake kama kwaya ya upande mmoja, na akatoa bahasha nzuri. Kamati ilikaa hadi saa nne usiku. Daftari linasema tu: "Bahasha imerudishwa. Mazoezi Jumatano kama kawaida." Mimi ndiye niliyekuwa katibu usiku ule, na sentensi hizo mbili zilichukua muda mrefu kuandikwa kuliko barua zote nilizowahi kuandikia serikali.

Kuhusu lile swali la mwenyekiti: mtaro wa nyuma ya soko ni wa kaunti, kwa mujibu wa Katiba, na barua ya kuomba uzibuliwe imepelekwa na kupokelewa kwa muhuri. Nakala iko kwangu. Wakati tunasubiri, mchanga wa mvua za mwaka huu umejaa hadi nusu, na upande wa juu mabomba yetu ya 1998 yameanza kuonekana. Watakaoweza wafike Jumamosi baada ya jubilii, saa mbili asubuhi, na jembe au sururu. Chai itapikwa na sauti ya kwanza.